Ufalme au Kutawala? Safari ya Neno Moja la Sala

Kiswahili kina kiambishi kimoja kidogo kinachofanya kazi mbili, nacho ni u-. Kiweke mbele ya zee, unapata uzee, hali ya kuwa mzee. Kiweke mbele ya Faransa, unapata Ufaransa, nchi yenye mipaka na askari wa uhamiaji anayegonga muhuri kwenye pasipoti yako. Sasa ufalme ni upi kati ya hivi viwili? Ni kule kutawala kwenyewe, mfalme akiwa kazini? Au ni ile nchi anayoitawala, yenye mipaka na lango la kuingilia?

Sisi tunaosema Kiswahili hatulazimiki kuchagua, neno linabeba yote. Ila kila Mkristo anayesali sala aliyoifundisha Yesu anaomba ufalme uje, na mwenye kuomba hivyo, apende asipende, ana jibu lake kichwani. Akiwaza nchi, ataiweka mbali, juu ya mawingu, mahali pa kwenda baada ya mazishi. Akiwaza utawala, basi swali la pili linamfuata hapo hapo: kama Mungu ndiye anakuja kutawala, huyu anayetawala sasa aende wapi?

Nataka kuifuata historia ya swali hilo la pili. Vitabu vya teolojia hulipitia haraka. Maliwali, makamishna wa wilaya na majaji wamelichukulia kwa uzito kuliko maprofesa wengi, na wamewafunga watu kwa ajili yake.

Tuanze na neno lenyewe lilivyofika kwetu. Johann Ludwig Krapf alipotia nanga pwani yetu mwaka 1844, alipitia kwanza Unguja kwa Sayyid Said, akapewa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani, ndipo akaenda Mombasa na mwaka ule ule akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Angalia ajabu hiyo: mtu aliyekuja kuhubiri ufalme wa mwingine alitembea na barua ya mtawala wa hapa. Baadaye Edward Steere, askofu wa UMCA, alisimamia Agano Jipya la Kiunguja lililochapwa 1879, Sultani Barghash akiwa kwenye kiti. Maneno ya kuchagua yalikuwepo mengi: usultani, dola, enzi, milki. Likashinda ufalme, neno lililokuwa pwani kabla ya nasaba ya Oman kuhamia huku, ambalo katika tenzi za kaskazini unalikuta likitamkwa ufaume. Ulikuwa uchaguzi mzuri. Usultani ungemfanya kila msikilizaji aione kasri la Sultani na mizinga yake. Ufalme ulikuwa na umbali kidogo, ukongwe kidogo. Na labda ndiyo maana ulikuwa salama.

Lakini nyuma ya ufalme wa Steere kuna Kigiriki, basileia, na nyuma ya Kigiriki kuna lugha aliyoisema Yesu mwenyewe, Kiaramu, na huko mzizi ni m-l-k. Mzizi huu, msomaji, unaujua bila kusoma Kiaramu. Umo kwenye malkia. Umo kwenye milki na kumiliki. Umetujia kupitia Kiarabu, binamu yake Kiaramu. Mwaka 1898 mtaalamu mmoja Mjerumani, Gustaf Dalman, alitoa kitabu kuhusu maneno ya Yesu, akaonyesha kwamba neno hili katika maandiko ya Kiyahudi ya zama zile, linapohusu Mungu, halina maana ya eneo. Lina maana ya kutawala. Tangu hapo wataalamu wengi wamekubali, pamoja na ubishi wa hapa na pale. Yesu alipotangaza pale Galilaya kwamba umekaribia, hakuwa anatangaza nchi. Alikuwa anasema Mungu anaanza kazi ya ufalme.

Na "wa mbinguni" je? Hapo nadhani ndipo mahali ambapo adabu imeleta hasara kubwa kuliko popote katika Biblia. Mathayo, ambaye Injili yake ina harufu ya Kiyahudi kuliko zile nyingine, karibu kila mara husema ufalme wa mbinguni pale ambapo Marko na Luka wanasema ufalme wa Mungu. Maelezo ya kawaida ni kwamba ni heshima: Myahudi mcha Mungu hakupenda kulitaja jina ovyo, akasema "mbingu" kama vile sisi tunavyosema "Ikulu imeamua" tukimaanisha Rais. Hakuna anayedhani kwamba jengo limekaa kikao. Lakini kwa huyu, vizazi na vizazi vya wasomaji walidhani ni jengo.

Wasikilizaji wa kwanza hawakuwa na tatizo hilo, maana walikuwa na mfano wa karibu. Mwaka 6 baada ya Kristo, Roma ilipoichukua Yudea moja kwa moja na kuagiza sensa ya mali kwa ajili ya kodi, mtu mmoja aliyeitwa Yuda Mgalilaya aliwachochea watu wakatae. Mwanahistoria Yosefo, ambaye hakumpenda hata kidogo, anaeleza fundisho lake: Mungu peke yake ndiye mtawala, na kumlipa Kaisari kodi ni kukubali utumwa. Yesu alikuwa bado mtoto, katika Galilaya hiyo hiyo. Miaka ishirini na zaidi baadaye, mtu kutoka Galilaya akisimama hadharani na kusema Mungu anaanza kutawala, hakuna mtoza ushuru ambaye hakujua habari hiyo imetoka wapi. Ndiyo maana swali la kodi aliulizwa, na ulikuwa mtego. Ndiyo maana pia kibao kilichowekwa juu ya msalaba kiliandika kosa lake kuwa ni kujifanya mfalme. Pilato, liwali wa Kirumi, hakuua watu kwa sababu ya mafundisho ya moyoni.

Sisemi Yesu alikuwa Yuda mwingine. Hakukusanya jeshi, na wale waliotaka upanga alikuwa akiwakatisha tamaa kila mara. Lakini alitumia neno lile lile, akijua limebeba nini, na wala hakulibadilisha ili wenye mamlaka walale usingizi.

Karne zilizofuata nitazipita haraka, maana zinajulikana. Mwaka 325, baada ya Mtaguso wa Nikea, Kaizari Konstantino aliwaandalia maaskofu karamu. Eusebio wa Kaisaria alikuwepo, na anasimulia kwamba walipita katikati ya walinzi wenye panga zilizochomolewa bila woga, wakaketi mezani, na kwamba mtu angeweza kudhani anaona mfano wa ufalme wa Kristo. Wengine wa wale maaskofu walikuwa na makovu ya mateso ya serikali iliyotangulia. Siwezi kuwacheka. Ukitoka gerezani ukakaribishwa Ikulu, pilau lina ladha ya mbinguni. Ila hapo neno lilikwisha badilika: kutawala kwa Mungu na kutawala kwa Kaizari vilianza kula sahani moja.

Baada yake alikuja Mwafrika mwenzetu, Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo. Roma ilipotekwa na Alariki mwaka 410, dola ile iliyodhaniwa ni picha ya mbingu ilionekana uchi, naye akaandika Mji wa Mungu, vitabu 22, kuanzia 413 hadi 426. Humo alitenga dola na Mungu, jambo jema. Lakini humo humo alifundisha kwamba Kanisa, hata sasa, ni ufalme wa Kristo, na miaka elfu ya kitabu cha Ufunuo ni hii tunayoishi. Yeye aliandika kwa tahadhari nyingi. Waliomrithi walisoma kwa haraka. Ufalme ukawa Kanisa, na yeyote aliyeendelea kuusubiri barabarani akaonekana mzushi. Wengine kweli walikuwa hatari: huko Münster, Ujerumani, mwaka 1534, fundi cherehani mmoja, Jan van Leiden, alijitawaza mfalme wa Yerusalemu Mpya, akaoa wake wengi, akawakata vichwa waliopinga. Mji uliangushwa 1535, na vizimba vya chuma vilivyowekwa maiti yake na za wenzake wawili bado vinaning'inia kwenye mnara wa kanisa la Mtakatifu Lambert. Nenda ukaone.

Kwa hiyo mmisionari wa karne ya 19 alipofika kwetu, mzigo wake ulikuwa na maana tatu za ufalme, zote salama: uko moyoni, uko kanisani, uko mbinguni ukifa. Katekisimu niliyofundishwa mimi utotoni ilikuwa na hizo hizo tatu, kwa mpangilio huo huo, na tuliziimba kama jedwali la kuzidisha. Ya nne haikuwepo.

Ya nne ililetwa na watu wengine kabisa. Na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Joseph Booth alikuwa Mwingereza msumbufu, aliyefika Nyasaland, yaani Malawi ya leo, mwaka 1892. Aligombana na kila misheni na kila serikali aliyokutana nayo, hasa kwa kuwa aliamini Afrika ni ya Waafrika, na mwaka 1897 akatoa kitabu chenye jina hilo. Mwaka 1906 huko Marekani alikutana na Charles Taze Russell, mwanzilishi wa Watch Tower, aliyekuwa amepiga hesabu za Biblia na kutangaza kwamba nyakati za mataifa zitakwisha 1914. Booth alilibeba fundisho hilo hadi Afrika Kusini. Huko kijana mmoja wa Kitonga kutoka kando ya Ziwa Nyasa, Elliott Kenan Kamwana, mwanafunzi wa zamani wa Livingstonia, alilisikia, akarudi nalo nyumbani 1908.

Fikiria hali aliyoikuta. Misheni ya Waskoti ilikuwa nzuri kwa shule, hilo haliwezi kukanwa, lakini shule ilikuwa na ada na ubatizo ulikuwa na foleni: darasa la wasikilizaji, darasa la wakatekumeni, mtihani, miaka inapita. Serikali nayo ilikuwa na kodi ya nyumba, na asiyekuwa na shilingi alizifuata kwenye mashamba ya kusini au migodi ya Rhodesia na Afrika Kusini. Akaja Kamwana akibatiza papo hapo, ziwani, bila mtihani. Akasema Oktoba 1914 Kristo atachukua utawala, Wazungu wataondoka, kodi itakwisha. Katika muda usiofika mwaka alibatiza watu karibu 10,000. Mwaka 1909 serikali ilimwondoa.

Nimewahi kusikia wahubiri wakiicheka hesabu ya 1914. Sawa, ilikuwa hesabu mbaya. Lakini angalia kilichokuwa kinatokea Ulaya wakati huo huo. Mwaka 1892, Johannes Weiss alichapisha kijitabu kilichowashtua walimu wake: ufalme aliouhubiri Yesu, alisema, haukuwa maendeleo ya maadili kama maprofesa walivyopenda, bali Yesu alitarajia Mungu aingilie kati upesi na kuugeuza ulimwengu. Mwaka 1906, Albert Schweitzer wa Strasbourg aliisukuma hoja hiyo hadi mwisho. Miaka miwili baadaye Kamwana akawa anasema jambo hilo hilo kando ya Ziwa Nyasa kwa watu waliokuwa wanalisubiri. Profesa aliligundua akaona aibu, hajui alifanyie nini. Mwaka 1913 Schweitzer alikwenda Lambaréné, Gabon, kutibu wagonjwa, kazi ya heshima. Kamwana hakuhitaji kugundua chochote. Alisoma Injili kama mtu anayedaiwa kodi.

Oktoba 1914 ilifika na badala ya Kristo ikaja vita. Januari 1915 mwanafunzi wa kwanza wa Booth, mchungaji John Chilembwe, Mbaptisti aliyesoma Marekani, aliinuka kule Chiradzulu. Alikuwa ameandika gazetini akiuliza kwa nini Waafrika wafe katika vita isiyo yao. Watu wake waliingia shamba la Magomero usiku wa tarehe 23, wakamuua meneja wake, William Jervis Livingstone, wakamkata kichwa, na kichwa hicho kililetwa kanisani. Wanawake na watoto wa Kizungu hawakuguswa. Chilembwe aliuawa siku chache baadaye, na kanisa lake zuri la matofali serikali ikalilipua kwa baruti. Chilembwe hakuwa mtu wa Watch Tower, na ni vizuri lisemwe wazi, maana wakoloni walichanganya kila kitu kwenye chungu kimoja. Kamwana, ambaye hakushika hata rungu, alipelekwa uhamishoni, mwishowe visiwa vya Seychelles, na hakurudi mpaka 1937.

Basi tupande kaskazini, hadi mpakani kwetu. Wilaya ya Abercorn, leo Mbala, nchini Zambia, iko hatua chache tu kutoka Tanganyika, na kuanzia 1914 ilikuwa mlango wa vita dhidi ya Wajerumani. Jeshi la Kiingereza lilihitaji wapagazi. Huku kwetu waliitwa Carrier Corps, na jina hilo limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Huko waliitwa tenga-tenga. Mtu alichukuliwa kijijini, akabebeshwa mzigo, wengi hawakurudi. Aliyewachagua hakuwa Mzungu. Alikuwa chifu, kwa agizo la boma.

Hapa lugha inatusaidia tena. Kwa Kichewa, chifu ni mfumu, na uchifu ni ufumu. Ufalme wa Mungu katika Biblia ya Kichewa ni ufumu wa Mulungu, na Kibemba kina neno la mzizi huo huo. Kwa hiyo katika sehemu kubwa ya ukanda ule, mtu aliposali ufalme uje, neno lililotoka mdomoni lilikuwa lile lile la mzee aliyeketi pale kwenye kibaraza na orodha ya wapagazi. Steere alibahatika kupata neno lenye umbali. Huku hakukuwa na umbali hata wa mita kumi.

Mwaka 1917 wahubiri wa Watch Tower waliofukuzwa Rhodesia ya Kusini walirudi wilaya hiyo, mmoja wao Hanoc Sindano, ambaye baadaye alijenga kijiji chake akakiita Yerusalemu. Watu wakaanza kubatizwa. Halafu wakaanza kukataa. Wakakataa kubeba mizigo. Wakakataa kuwasalimu machifu kwa heshima ya desturi. Wakasali usiku kwa sauti kubwa, ikawa kelele hadi bomani. Hawakumpiga mtu. Walisema tu kwamba mtawala ni Mungu, na wakaishi kana kwamba hilo ni kweli kuanzia Jumatatu asubuhi. Novemba 1918 Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake Abercorn, vita ikaisha, na mapema mwaka uliofuata serikali iliwakamata wafuasi wa Watch Tower kwa wingi.

Kwa nini, kama hawakumpiga mtu? Kwa sababu Waingereza walikuwa wachache mno. Afisa mmoja na askari kadhaa hawawezi kutawala wilaya. Walitawala kupitia chifu, na chifu alitawala kwa kuwa watu walipiga magoti alipopita. Ondoa goti, mfumo wote unayumba. Yule afisa kijana aliyeandika ripoti juu ya ulokole wa usiku alikuwa ameelewa maana ya basileia kuliko mwalimu wake wa Oxford.

Sitaki kupamba. Mwaka 1925 mtu mwingine kutoka Nyasaland, Tomo Nyirenda, alibatiza katika nchi ya Walala, Rhodesia ya Kaskazini, akijiita Mwana Lesa, Mwana wa Mungu. Kwanza ilikuwa ubatizo na kupendana. Kisha ubatizo ukawa kipimo: asiyezama vizuri majini ni mchawi, na mchawi auawe, maana ufalme hauwezi kuja wachawi wakiwepo. Chifu Shaiwila alimpokea kwa furaha, akiwa na maadui wa kuondoa. Makumi ya watu walikufa, na wengine zaidi alipovuka kuingia Katanga. Alinyongwa 1926. Ndugu zangu wanaopenda kuyaita mambo haya yote "harakati za ukombozi" humruka Mwana Lesa kama wanavyoruka Münster. Mimi nadhani lazima akae kwenye orodha. Mtu akishaamini kwamba Mungu anatawala kupitia mkono wake, mkono huo haupimwi tena na yeyote.

Watch Tower ilisafiri na wafanyakazi wa migodi. Mwaka 1935 wachimbaji wa Ukanda wa Shaba waligoma baada ya kupandishiwa kodi ghafla, na sita walipigwa risasi Luanshya. Tume ya uchunguzi iliitaja Watch Tower miongoni mwa vyanzo vya uchungu ule. Mwenyekiti wa tume, sijatunga, aliitwa Russell.

Ilipovuka mpaka na kuingia Kongo ya Wabelgiji, ambako lugha ya migodi ilikuwa Kiswahili, jina lake lilipata ajali nzuri sana. "Tower" mdomoni mwa Mswahili wa Katanga ikawa tawala. Ikawekewa ki-, ikawa Kitawala. Tafadhali soma tena polepole. Dini iliyoletwa na jina la mnara, yaani jengo, ikaitwa kwa kitenzi. Wachimba shaba wa Katanga, bila Kiaramu wala Dalman, walidondoka juu ya maana ile ile ambayo wataalamu waliifikia kwa kamusi: si nchi, si jengo, ni kutawala. Wengine watasema ni bahati ya matamshi. Ndiyo, ni bahati ya matamshi, lakini jina halidumu kwa bahati; linadumu kwa kuwa wanaolitumia wanalisikia likisema kitu.

Wabelgiji nao walilisikia. Waliipiga Kitawala marufuku, wakawakamata wafuasi na kuwahamishia mikoa ya mbali, na hivyo, kwa gharama ya serikali, wakaisambaza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanakijiji walilazimishwa kazi hadi siku 120 kwa mwaka, mpira ukirudi tena msituni na kumbukumbu zake zote za wakati wa Leopold. Mwaka 1944, kule Masisi na Lubutu, mashariki, mtu aliyeitwa Bushiri aliongoza Wakumu katika uasi wa Kitawala. Wazungu wachache walishikwa na kuchapwa. Jeshi lilipofika, waliouawa walikuwa wengi, na karibu wote upande mmoja.

Ilivyotazamiwa ni kwamba uhuru ungemaliza mambo haya. Wakoloni wameondoka, ule mgogoro umekwisha, mtu asali ufalme uje kwa amani. Haikuwa hivyo. Mashahidi wa Yehova wa Malawi, tawi lililofuata nidhamu ya makao makuu ya Marekani na lisilotaka kuhusishwa na Kitawala wala Mwana Lesa, walikataa kununua kadi ya chama cha Malawi Congress Party. Sababu yao ilikuwa fupi: raia wa ufalme mmoja hachukui kadi ya mwingine. Rais Hastings Banda, mzee wa Kanisa la Skotlandi, aliwapiga marufuku 1967. Bila kadi hukupanda basi, hukuingia sokoni. Vijana wa chama walipita nyumba kwa nyumba. Watu walipigwa, wanawake walibakwa, nyumba zilichomwa. Mwaka 1972 maelfu walikimbilia Zambia, baadaye Msumbiji. Hawa hawakuwa na mkuki, hawakuwa na tarehe ya kumfukuza mtu, hata kura hawakupiga. Kosa lao lilikuwa lile la Abercorn, goti, safari hii mbele ya Mwafrika mwenzao, katika nchi iliyokuwa inamwenzi Chilembwe kama shujaa.

Marufuku iliondolewa 1993, chama kimoja kilipokuwa kinaanguka. Ukienda Malawi siku hizi utakuta kumbi zao zimeandikwa Nyumba ya Ufumu, milango wazi, watu na Biblia zao mkononi. Na ukilipa nauli ya kufika huko, sura iliyo kwenye noti ya kwacha huenda ikawa ya Chilembwe.